Klachi ya Burito

Flora, soma hii ukiwa umekaa. Burito nusura afe mchana huu. Mume wangu!!

Unaijua ile baiskeli ya resi ya zamani ya jirani yetu Nicolaus? Gia zake ni vijiti viwili chini kwenye fremu. Leo Burito kaiazima, Nicolaus akawa anamfundisha: "Endelea kukanyaga pedeli, shusha mkono mmoja, sukuma kijiti taratibu." Burito akacheka. "Mimi naendeshaga bodaboda kila siku, leo unifundishe gia?"

Gia, Flora! Gia!

Akaushika mteremko wa kutoka Butiama. Spidi ikapanda, pedeli zikawa zinazunguka bure, akataka kubadilisha. Vijiti akavisahau kabisa. Mguu wa kushoto ukapiga chini kama anabadilisha gia ya pikipiki, mkono wa kushoto ukabana klachi.

Baiskeli haina klachi. Ile ni breki ya mbele!

Akaruka juu ya usukani, puu, katikati ya lami. Na lori la ng'ombe linapanda. Anasema honi hakuisikia, alisikia ng'ombe tu wanalia. Akafumba macho. Kufumbua, tairi iko hapa. Ananionyesha kwa kiganja mbele ya pua. Hapa, Flora!

Kachubuka viwiko tu. Mungu yupo.

Lakini sikia. Sasa hivi kaja mteja wa kwenda Bunda, kapanda nyuma. Burito kawasha pikipiki, kaweka vidole kwenye klachi, akaganda.

Mteja kashuka, kaenda zake. Pikipiki bado inanguruma hapo nje, na yeye kakaa juu yake, kafumba macho.