Mke Wangu Aliposema Chungwa

Bi. Magnhild mpendwa, wewe unayetuamulia mambo yetu kila Jumamosi humu gazetini, nakuomba unishike mkono maana nimekwama, na afadhali ningekwama kwenye theluji, huko ningejua la kufanya.

Mimi ni mwanamume wa makamo, tumbo limetangulia kidogo, magoti yanalia nikichuchumaa, na kila majira ya baridi nawafundisha watu wa kujitolea wa doria ya mlima wetu namna ya kumhudumia mtu aliyeanguka akiteleza kwa skii: kumfunga gango la kushikilia mfupa, kumkinga na upepo, kumlaza kwenye machela ya kuburuta na kumshusha bila kumvunja zaidi ya alivyojivunja mwenyewe. Sijidai kujua sana, ila bondeni wananiita Profesa, na wakiniita hivyo wanacheka, nami nacheka nao, maana huku kwetu asiyejua kujicheka hapati hata wa kumsukumia gari.

Mafunzo haya hayaendi bila majeruhi wa kuigiza, na majeruhi wangu tangu tuoane ni mke wangu Ragnfrid, ambaye siku za kazi anapokea wagonjwa kwa daktari wa meno na Jumamosi analala kwenye theluji avunjike nyonga kwa ajili yangu. Na anajua kuvunjika, Bi. Magnhild! Midomo inatetemeka, macho yanapinduka, jitu zima la futi sita linamwinamia huku linalia. Tatizo la majeruhi hodari ni kwamba akipiga kelele "naumia kweli, acheni mchezo," kila mtu anafikiri ndio mchezo umenoga, kwa hiyo mkuu wetu wa zamani alituwekea neno moja la kusimamisha zoezi, neno ambalo hakuna mwenye maumivu angelisema kwa bahati mbaya, nalo ni chungwa. Mtu akisema chungwa, maigizo yamekwisha, kuna jambo la kweli.

Basi Jumamosi moja mwezi wa Februari nilikuwa na wanafunzi wapya, nikawapigia hadithi kibandani mpaka kahawa ikaisha, nikaona tumechelewa, nikasema "mengine tutaelezana huko huko," tukatoka, na katika hayo mengine lilikuwemo hilo neno. Ragnfrid alikuwa ameshatangulia kulala chini ya miti, nami kwa kutaka kuwakomaza wanafunzi nikawapitisha njia ndefu, upepo ukageuka, wakapotea kidogo, na walipomfikia mimi nilikuwa nimesimama juu yao kwenye mteremko nikiwatazama, karibu tu, nasikia kila kitu.

Akasema, "Chungwa."

Kijana wetu Vegard, mtu wa mjini, mpole kama mto wa pamba, akasema, "Ndiyo mama, lipo," akaingiza mkono kwenye koti akalitoa, maana huku kwetu nani anapanda mlima majira haya bila chungwa la njiani, akaanza kulimenya.

"Chungwa, wewe!"

"Lote ni lako mama, taratibu usije ukapaliwa," na akamtia kipande mdomoni.

Mimi nilicheka, Bi. Magnhild. Nilicheka mpaka nikakaa chini, na nilipomaliza kucheka nikashuka, nikamkuta mguu wa kushoto umekufa ganzi kwa baridi ndani ya kiatu, vidole viwili vyeupe kama nta. Daktari anasema hisia pengine zitarudi, pengine hazitarudi.

Nilimwomba radhi siku ile ile, Mungu ni shahidi, na akasema yamepita. Lakini kisa kilikuwa kitamu mno. Nilikisimulia dukani, nikakisimulia kwenye chakula cha parokia, kila mara kinaongezeka chumvi, naigiza sauti yake, naigiza na mdomo uliojaa chungwa, watu wanajishika mbavu. Mwezi uliopita, siku ya kuzaliwa ya shemeji yangu Turid, mezani kwetu wenyewe, nikaombwa nikisimulie tena. Nilipofika kwenye "lote ni lako mama," Ragnfrid aliweka uma chini, akasema bila kupandisha sauti, "Oddgeir, mguu nimeshausamehe. Hicho kicheko ndicho kinachonishinda." Nikasema, "Aa, mama nawe, huu si utani tu?" Akasema, "Utani ni wa watu wawili. Mimi nilikuwa peke yangu." Akavaa koti, akaondoka na huyo dada yake Turid, na hajarudi.

Sasa sikia jingine. Turid anakaa bonde la pili, na huko wana doria yao, na mwalimu wao ni Sjur, mtu asiyecheka hata akitekenywa. Juzi muuza duka ananiambia huku anapima samaki, "Profesa, mkeo alikufa vizuri sana Jumamosi kule kwa Sjur, wanamsifu bonde zima." Mke wangu analala kwenye theluji ya watu wengine! Ningeambiwa ana mwanamume ningejua pa kuanzia, lakini hili mtu unamshtakia nani?

Na jana Turid kanipigia simu. "Anakuja Alhamisi Kuu kuchukua vitu vyake. Kaichagua siku hiyo kwa sababu utakuwa mlimani." Ni kweli, Pasaka yote ni zamu yangu, wanafunzi wangu ndio wanaanza kazi yenyewe, mlima umejaa watu wa mjini wanaojivunja kwa bidii. Nikipanda, nitarudi nikute kabati tupu. Nikibaki, nani atawasimamia vijana? Miaka yote hii nimeshusha watu nisiowajua hata majina, wengine hawakunishukuru, na huyu niliyemkosea mara moja ndiye ananifungia mlango. Nipande au nibaki? Na nikibaki, nimwambie nini ili akubali hata kurudi kutuigizia, maana kwa kweli hatujapata anayemfikia?

Mwenye dhiki, bondeni, usinitaje jina.

*

Mwenye dhiki,

Unaniomba nisikutaje jina, na wewe mwenyewe umeshajitaja, umemtaja mkeo, umemtaja shemejio, umemtaja na mtu aliyemenya chungwa. Bonde zima limekufahamu kabla halijageuza ukurasa. Sikukata hata neno, kwa sababu mkeo naye anasoma gazeti hili, na nimeona bora kwa mara moja asikie kisa hiki bila ile chumvi.

Pole nakupa, maana barua yako inaonyesha mtu anayelala vibaya. Lakini pole ni nusu ya kazi yangu, na nusu ya pili hutaipenda.

Umeandika kurasa nne ukilaumu upepo, njia ndefu, Vegard na upole wake. Yule kijana hakuwa na kosa, hakuambiwa. Aliyelijua lile neno pale mlimani, mbali na mkeo, alikuwa mtu mmoja, na mtu huyo alikuwa karibu, anasikia kila kitu. Umeandika kwa mkono wako: ulipomaliza kucheka ndipo uliposhuka. Soma tena sentensi hiyo. Mimi nimeisoma mara kadhaa na bado inanichoma, nami si mkeo na vidole vyangu ni vizima.

Halafu unaniambia ulimkosea mara moja. Siku ile ulimkosea mara moja, ndiyo. Dukani mara ya pili, parokiani mara ya tatu, na mezani kwake mwenyewe nimeacha kuhesabu. Kila uliposimulia ulimlaza tena pale chini ya miti, ukasimama tena juu ukicheka, na safari hizo ulialika watu.

Kuhusu Sjur, unajiuliza ana nini wewe huna. Nitakwambia, maana nimepata kufunzwa naye mimi mwenyewe, na mtu mkavu kama yule sijaona. Kabla mtu hajalala kwenye theluji, Sjur anawasimamisha wote, anawaambia lile neno lao, na anawafanya walirudie mmoja mmoja kama watoto wa chekechea. Inachosha kweli. Ndiyo maana mkeo anaweza kufumba macho pale.

Sasa sikiliza. Hupandi mlimani. Leo hii mpigie Sjur simu umwombe akushikie zamu ya Alhamisi. Ndiyo, Sjur. Itakuuma kama kung'olewa gego, na itakufaa. Kabla ya hiyo Alhamisi waite wanafunzi wako wote, waambie neno lenu na kwa nini hawakulijua, na usiwachekeshe. Vegard mwombe radhi mbele yao, kwa sababu umemfanya kichekesho naye hakuwahi kulalamika. Ukiulizwa tena dukani kile kisa, sema hukijui.

Alhamisi usijifiche chumbani wala usitokee na maua. Usimwombe arudi kuigiza. Ukilitaja hilo nitakuja mwenyewe kumsaidia kufunga mizigo. Unawafundisha watu kila mwaka kwamba ukimfikia aliyeanguka unapiga magoti, unamuuliza inauma wapi, halafu unanyamaza mpaka amalize. Unalifundisha vizuri, binamu yangu alipita mikononi mwako. Muulize mkeo hivyo hivyo. Atakujibu kwa muda mrefu, na katika majibu yake usiingize "lakini" hata moja.

Sikupi ahadi yoyote. Nina miaka mingi kwenye kiti hiki na nimeona wake wakisikilizwa vizuri kabisa, halafu wakaondoka vilevile, maana kusikilizwa kulichelewa. Ikiwa hivyo, mbebee masanduku mpaka kwenye gari la Turid, uyapange yasije yakaporomoka njiani, na usisimame barabarani ukipunga mkono ili majirani wakuonee huruma.

Na asubuhi hiyo, kabla hajafika, mwaga changarawe kwenye njia ya kuingia nyumbani kwako. Usidhani itamrudisha. Kuna barafu, na mtu mwenye mguu mbaya anakuja.

Magnhild