Gunia ni la Punda

Rujewa

Baba,

Leo ni siku ya arobaini na tatu tangu tukuzike. Mpunga wa kule Ubaruku tumemaliza kuvuna, magunia thelathini na moja, pungufu matatu kuliko mwaka jana. Punda wako mzima. Daraja la magogo bado analigomea, nami bado namfunga gunia machoni kama ulivyofanya wewe, namwambia maneno yako yale yale: "Twende mzee, leo hakuna mto hapa." Anavuka.

Nakuandikia kwa sababu ya neno moja. Ile kamusi ya Kiingereza niliyonunua Mbeya, uliyosema ni nene kama tofali, nimekuta humo neno "hoodwink". Maana yake kudanganya. Lakini inaeleza na lilikotoka: hapo kale lilikuwa kumfunika mtu macho kwa kofia ya joho asione. Hiyo "wink", ambayo leo kwao ni kukonyeza kwa jicho moja, zamani ilikuwa kufumba yote mawili. Baadaye kofia ikaondoka, ukabaki udanganyifu. Nilifunga kitabu. Nilikuona wewe na gunia lako.

Unajua nasema nini. Nilipokaribia mtihani wa mwisho kule shuleni Iringa uliniandikia kwa penseli: "Soma kwa bidii. Mama yako anakusalimu." Nikarudi nimefaulu, mkononi nina khanga niliyomnunulia Mama. Ulinipokea njiani, ukanipeleka kaburini kabla ya nyumbani. Nilihesabu. Siku ulipoandika salamu zile, Mama alikuwa ameshalala ardhini siku kumi na tisa. Nilipokuuliza ulisema tu, "Ungeona, usingevuka." Miaka kumi na minane hatukulizungumza tena.

Ni kweli, nilivuka. Ukarani wangu, nyumba ya bati, ng'ombe, vyote vimetoka kwenye mtihani ule. Hesabu hiyo siibishii. Lakini mama yangu sikumzika, Baba.

Ulipofariki, mjukuu wako Rehema naye alikuwa shuleni Iringa, mtihani umebaki siku nne. Shangazi akasema, "Mwache mtoto amalize, kwani babu yake atakwenda wapi?" Nilipiga simu shuleni siku ile ile. Tukachelewesha kukuzika kwa siku moja, akafika na lori, akatupa udongo wake, akalia mpaka sauti ikakauka. Hakukubali kurudi kabla matanga hayajaisha, mtihani ukampita. Atarudia mwaka mzima.

Jana nilimwuliza kama ananilaumu. Akasema, "Baba, mimi babu nimemsindikiza." Nilikwenda kumpa punda majani.

Basi pumzika. Kabla ya mvua nitazungushia ua kaburi lako na la Mama, ua mmoja. Gunia lako nimelitundika mlangoni pa banda. Watoto wangu hawatavishwa.

Mwanao