Meli ya Muringa na Mota ya Waipa

Jumatatu, 1 Julai 1957
Nimeosha gia za lori kwa mafuta ya taa mpaka vidole vimepauka. Baridi. Chai ya gereji ilikuwa maji ya moto tu.

Kabla ya kufunga nikachonga meli yangu. Mwili umekwisha. Mti wa muringa, ule wazee wanachongea mizinga ya nyuki, mwepesi, kwa hiyo kuelea itaelea. Nimeiga meli ya mizigo iliyo kwenye kalenda ya ukutani. Yangu ina sura nzuri zaidi. Nasema ukweli tu.

Bado roho yake: mota, shafti, panka ya kusukuma maji, usukani.

Mzee Gatheru, fundi wa mitambo katika kiwanda cha kahawa kule Ruiru, alisema mbele ya watu: ikivuka bwawa lao na mzigo ndani, Jumamosi ya tarehe ishirini, atanichukua anifundishe injini. Isipovuka, nikae Thika nioshe gia. Watu walicheka. Mdomo wangu ndio ulionitia hapo. Mikono itanitoa.

Sitaki kuzeekea kwenye mafuta ya taa. Basi.

Jumatano, 3 Julai
Kuchagua mota.

Springi ya gramafoni: inavuta kwa hasira, halafu inachoka kabla sijamaliza kupiga mluzi. Nje.

Dinamo ya baiskeli: nimeipa betri, haikuzunguka. Imetetemeka tu kama mtu wa malaria. Wafula, mwenzangu wa gereji, alicheka mpaka akakaa chini. Ati hiyo ni ya kutoa umeme, si ya kuula. Nilijua. Nilikuwa napima.

Zimebaki mbili. Moja ya feni, kutoka gari lililopinduka, ndogo, inalia kama nyuki. Nyingine ya waipa, ile ya kufutia kioo mvua ikinyesha, kutoka lori bovu, nzito kama jiwe la kusagia. Mimi nataka ya feni. Wafula anataka nichukue ya waipa.

Kwa nini Wafula anataka?

Alhamisi, 4 Julai
Nimewaza habari za Wafula siku nzima. Ni mtu wa magharibi, upande wa Butere, ananizidi miaka mingi, anaimba nyimbo za kanisa asubuhi kabla hata jogoo hajajua kumekucha. Tunalala chumba kimoja nyuma ya gereji. Anasema zamani alipakia meli za ziwani kule Kisumu. Kila mtu wa huko alipakia meli. Sijui samaki alivua nani.

Leo ameniambia, "Kijana, meli ya mizigo si pikipiki. Panka kubwa, mzunguko wa polepole. Hapo itasukuma."

Mtu hakupi akili bure. Labda anataka meli yangu itambae kama konokono ili Mzee Gatheru acheke, halafu yeye ajipeleke Ruiru. Yeye injini anazijua. Kazi ile hata yeye angeitaka.

Jumamosi, 6 Julai
Nimejaribu kwenye pipa lililopasuliwa, lile la kutafutia pancha. Mota nimefunga kwa nje ya tezi, huku nyuma ya meli, kwa kamba, kujaribu tu.

Kwanza ya feni, na panka ndogo. Kelele! Maji yaligeuka povu kama chai ya maziwa. Meli ikiwa tupu ilikimbia. Nikatia nati na bolti ndani, ikasimama palepale ikichemsha maji. Mota ikawa moto, ikanuka.

Halafu ya waipa. Nimetoa gia yake ya kupeleka kifutio huku na huku, mhimili uzunguke wenyewe. Panka nimekata kwenye debe, mabawa mapana, nimeyapinda kwa koleo. Polepole. Lakini nati zote, bolti zote, na spana juu yake, ikaenda hadi ikagonga ukingo.

Wafula alikuwa akitazama. Nikamwambia nimechagua ya waipa kwa sababu rangi yake inafaa.

Jumanne, 9 Julai
Leo nimefanya kazi ya kiume. Shafti inapotoka ndani ya meli kwenda majini lazima ipite kwenye bomba lenye grisi, la sivyo maji yanaingia. Nimepata kipande cha bomba la maji, cha chuma. Shafti ni ufito wa chuma. Nyuma nimeziba kwa bolti yenye tundu, na ndani kuna springi ya kusukuma grisi. Hakuna aliyenifundisha. Kichwa changu tu. Shule yetu ilifungwa nikiwa darasa la tano. Je, ningemaliza? Wangenipa serikali.

Nimelipiga msasa mpaka linameta. Nikalipeleka sokoni wavulana walione. Nikafumba jicho moja, nikachungulia unyofu wake, upande huu, upande ule, mpaka kwenye mti, mpaka kwenye mlango wa mwuza nyama. Limenyooka kabisa!

Wafula alinikuta hapo. Uso ulimbadilika. "Funika kitu hicho," akasema. "Twende."

Wivu. Nimeuona kwa macho yangu.

Ijumaa, 12 Julai
Nimemwona Wafula kwenye lango la gereji na homugadi, askari wa kijiji wa serikali, yule mrefu mwenye koti la khaki. Wanaongea chini kwa chini. Nilipokaribia wakanyamaza. Homugadi akataka kitabu changu cha pasi, akakifungua, akakifunga. Cha Wafula hakutaka. Tangu hali ya hatari itangazwe, mimi Mkikuyu, kwenda hata Ruiru ni kuomba ruhusa. Yeye anapita tu kama upepo.

Walikuwa wakisema nini? Nimemuuliza. "Salamu tu," ati.

Salamu ndefu hivyo?

Ananichongea. Nikizuiwa kusafiri tarehe ishirini, nani ataenda? Nimeweka mota chini ya mto wangu. Shingo inaniuma lakini iko salama.

Jumamosi, 13 Julai
BOMBA HALIPO.

Shafti ipo. Mota ipo. Bomba na springi hakuna. Nimepindua chumba, nimepindua gereji. Wafula ameketi anakula ugali wake kama bwana harusi.

Nikamwita mwizi mbele ya wote. Mbele ya Pritam mwenye gereji. Nikasema na mengine juu ya watu wa kwao, kwa sauti. Akamega tonge jingine. Pritam akanifukuza nikaoshe gia.

Namchukia. Naandika tena: namchukia.

Jumatatu, 15 Julai
Asubuhi, kabla ya chai. Wamekuja. Homugadi mrefu na askari wawili. Wamepasua godoro langu. Wameitikisa meli, wamechungulia ndani yake. Wamegonga sakafu kwa kitako cha bunduki.

Homugadi akaniuliza: kile chuma ulichokuwa unalenga nacho watu sokoni kiko wapi?

Nikafungua mdomo. Nilitaka kusema, kimeibwa na huyu hapa. Maneno yalikuwa tayari kwenye meno. Wafula akanikanyaga mguu, kwa kisigino, kwa nguvu zote.

"Afande, huyu mtoto anacheza meli," akasema. "Alikuwa anachungulia fimbo. Akili zake ni kama unavyomwona."

Wakacheka. Wakaenda.

Nimeokota nyasi za godoro mpaka chai ikapoa.

Jumanne, 16 Julai
Ameniambia leo, tukiwa chini ya lori, hakuna mwingine.

Homugadi ndiye aliyemwambia siku ile langoni kwamba kuna kijana wa gereji ameonekana na bunduki. Siku hizi wapiganaji kule msituni bunduki wanajitengenezea wenyewe. Bomba la maji. Bolti. Springi.

Bomba la maji, bolti, springi. Nimelipitisha sokoni nimefumba jicho moja.

"Watu wanatiwa kitanzi kwa kukutwa na risasi moja, ndugu yangu," akasema. "Ningekuambia, ungebisha. Wewe ni mtu wa kubisha mpaka kwenye kaburi."

Nikamuuliza ameliweka wapi. Amelikata kwa msumeno, vipande ametupa kwenye chuma chakavu cha Pritam. Springi iko ndani ya shimo la oili.

Sikusema asante. Nikamwambia bila shaka msumeno wake umekata upande. Akasema alikuwa na haraka.

Bado najiuliza kwa nini alifanya. Kama wangelikuta mkononi mwake, angesema nini? Sijapata jibu, na sipendi kitu kisicho na jibu.

Jumatano, 17 Julai
Siku tatu zimebaki na meli haina njia ya shafti huko nyuma.

Nimetafuta kwenye chuma chakavu, nimepata vipande viwili vifupi vya bomba, kama kidole gumba. Wafula akasema shafti haihitaji kushikwa mwili mzima. Ishikwe miisho miwili. Kwa hiyo kipande kimoja mbele, kimoja nyuma, katikati mwanzi uliojaa grisi. Mota tumeunga na shafti kwa mpira wa bomba la petroli, ili ikipinda kidogo isilie. Tumezungusha kwa mkono. Laini! Laini kuliko lile bomba langu zima. Lile lilikuwa linakaza, sasa naweza kusema.

Halafu hakuna mtu duniani atauita mwanzi bunduki.

Nimempa Wafula ashike taa. Akakataa, akanipa mimi taa, akashika bisibisi.

Jumamosi, 20 Julai
Ruiru. Pasi walinipa kwa sababu Pritam alinisemea. Njiani nilikaa juu ya lori na meli mapajani, kila mtu aliyeitazama nikamtazama.

Bwawani watu wengi, wachuma kahawa na watoto wao. Betri ya pikipiki chini katikati, ndiyo inayoishikilia wima. Juu yake vifuko vya mbuni, kahawa iliyokaushwa na maganda yake. Mzee Gatheru akaongeza kingine. Akaongeza kingine tena, mchawi huyu. Meli ikazama mpaka karibu na mdomo.

Nikaunga nyaya. Ikaondoka bila kelele. Polepole, ee Ngai, Mungu wangu, polepole. Mtoto mmoja akauliza kama inaenda ama inaota. Katikati upepo ukaipiga ubavuni, ikapinda, nikafikiri imekwisha. Nilikuwa nimefunga usukani kidogo kushoto. Ikajirudi yenyewe. Maji yaliingia, si mengi. Ikagusa matete ya ng'ambo.

Mzee Gatheru akaingia majini na viatu, akaigeuza, akachungulia nyuma. Akagonga mwanzi kwa kucha.

"Hii fikira ya nani?"

Kila mtu akanitazama. Nikasema, ya Wafula. Nikasema tena, kwa sauti.

"Na huyo Wafula mbona hakuja?"

Nikainama kufungua nyaya za betri. Akasema nianze Jumatatu.

Jumapili, 21 Julai
Mvua nyembamba. Nguo zangu zimeingia kwenye kikapu kimoja, sikujua ni chache hivyo.

Wafula ameenda kanisani. Jana alisema ana mtoto wa kiume huko kwao ambaye hajawahi kuona meli. Alisema tu, hakuomba.

Meli yangu nimeiacha juu ya kitanda chake. Betri nimeirudisha kwa Pritam, ni yake. Mpira wa shafti nimebadilisha, ule wa kwanza ulikuwa umeanza kupasuka. Panka nimeifuta grisi ili isichafue blanketi.

Lori la Ruiru linaondoka saa nane.