Chama cha Ahadi Tupu

Kiirua

Mpwa wangu Kaimenyi,

Viazi vimetoka vizuri, na goti la mama yako limepata nafuu.

Ulipoanzisha Chama cha Ahadi Tupu na kuahidi kutuletea bahari hapa Kiirua, wazee walidhani umerukwa na akili. Mimi ndiye niliyewaeleza, kwa subira, kwamba unamkejeli mbunge wetu, ambaye huahidi maji kila uchaguzi. Walicheka sana, wakakubariki kwa asali, wakakupigia kampeni.

Juzi tulikuona jukwaani ukijitoa uchaguzini na kumwachia mbunge huyo huyo nafasi, umevaa kofia ya chama chake.

Mzee Bundi alinigeukia. "Mwalimu, hapa pia tucheke?"

Nilimwambia nitakuandikia. Njoo uwaeleze wewe.

Ni mimi mjomba wako,
Murungi