Tembe za Mifupa za Nekoye

Nekoye,

Chai iko kwa thamosi. Githeri iko kwa sufuria, pasha moto. Dawa ya kuzuia mwili usikatae figo nimekuwekea hapa mezani, meza ukiamka, usingoje nirudi.

Asubuhi nikijitayarisha kwenda kampuni, nyanya yako alisimama kutoka kwa kiti bila kushika ukuta. Akacheka, akaniambia, "Hizi tembe za Nekoye za mifupa zimenisaidia magoti." Kumbe zako zote unampea yeye! Na juzi ukavunjika mkono ukiinua mtungi wa maji, nami nikalaumu mtungi.

Si daktari alituambia hizi dawa za figo zinakula mifupa? Wewe udaktari wa magoti ulisomea wapi?

~~Mwambie nyanya leo kwamba~~

Wacha, usimwambie kitu. Atalia. Nikitoka kazi nitapitia duka la dawa hapo Kamenu nimtafutie zake. Zako utamezea mbele yangu. Ukimaliza kusoma, chana hii karatasi.

Sijakasirika. Nimekasirika kidogo. Figo niliweza kukugawia, mwanangu. Mifupa siwezi.

Mama