Mama Naomi, Yale Hayakuwa Masasi

Mama Naomi,

Nakuandikia kwenye kaye, daftari la shule la binti yangu Furaha, zile kurasa za mwisho ambazo mwalimu hazifikii. Nimekaa nyuma ya soko la Baraka, juu ya lile gogo ambapo mimi na wewe tulikuwa tunavua viatu na kukung'uta majivu. Soko limenyamaza. Asubuhi milio ya masasi, risasi za bunduki, imesikika upande wa milimani na watu wamefunga meza mapema, hata wauza mihogo. Utanisamehe kama mwandiko hausomeki. Mimi na shule tuliachana darasa la sita, unajua.

Miezi minne imepita tangu tukuzike, na sijakwambia neno. Siku ya mazishi nilisimama nyuma kabisa, nyuma ya wanawake wa kanisa lako, nikaondoka kabla wimbo haujaisha. Niliogopa mtu asije akanitazama usoni akaona.

Acha nianze mbali, maana nikianza na lile gunia nitashindwa.

Ulipofika hapa kutoka Bibokoboko, kule juu milimani, wewe na Baba Naomi na binti yenu mmoja, mlikuwa mmeacha nyumba inaungua na ng'ombe wamechukuliwa. Mchungaji akawapa kibanda nyuma ya kanisa. Kamati ya soko ikakupa ufagio, ikakuweka upande wangu. Wanawake wakanung'unika: mtu wa milimani atafanya nini kati yetu? Nami nilinung'unika, Mama Naomi. Sikuwahi kukwambia. Juma la kwanza nilikuwa nakuachia upande wa wauza samaki, kwenye maji machafu, makusudi, nione kama utalalamika. Hukulalamika. Ulifagia, ukaja kukaa hapa kwenye gogo, ukaniangalia nikila ndagala na vichwa vyake, ukacheka hadi ukashika ubavu. "Mama Furaha, hii samaki inakuangalia, na we unaikula tu?" Toka siku hiyo nikawa nakungoja asubuhi.

Jalala letu wakati ule lilikuwa kitu kimoja tu: kila kilichofagiwa kilikwenda pale nyuma, majani ya ndizi, mifuko, matambara, na mabuye, yaani batri zilizokufa. Sote tunayaita mabuye, yawe ya redio, ya tochi, ya simu au ya zile taa za jua ambazo wakimbizi wanagawiwa. Tukawasha moto, tukaondoka. Wewe ukaanza kuinama na kuyaokota moja moja. Nikakwambia uache, ni uchafu tu ule. Ukanyooka, ukashika kiuno, ukanieleza habari ya ng'ombe wako.

"Ngombe yangu ya maziwa ililamba batri ya gari ya zamani, sababu iko na chumvi-chumvi. Ikakuwa kipofu. Ikasukuma kichwa kwa ukuta siku mbili, ikakufa. Sasa kintu inaua ngombe, mutaitia mu moto, batoto bavute ule moshi?"

Nilicheka. Niliona ni hadithi za wachunga ng'ombe. Halafu siku moja jino la reki yangu likatoboa buye moja la simu, lile jembamba lililokuwa limevimba kama kitumbua. Likapiga kelele kama nyoka, likatoa moshi mweupe, likawaka lenyewe bila kiberiti. Kikwembe nilichojifunga kikashika moto chini. Ulinimwagia mchanga miguuni kabla sijajua nilie au nikimbie. Sikucheka tena. Tukaanza kuyatenga wote wawili, ndani ya gunia lile la mkaa, na Baba Naomi akachimba shimo kule ng'ambo ya kiwanja cha mpira, mbali na nyumba za watu, tuwe tunayafukia na mchanga.

Sasa lile gunia.

Siku hiyo Furaha alikuwa na homa. Nilikuwa nimetoka naye kituo cha afya, nimembeba mgongoni, anachemka. Ilikuwa siku ya soko kubwa. Wewe ulikuwa unatoka kwenda ziwani kuleta mchanga, ukaniita kwa mbali: "Mama Furaha, nisaidie gunia, upeleke kwa shimo." Nikaitika ndiyo. Nilisema ndiyo, Mama Naomi. Nikaliinua, nikatembea nalo hatua kadhaa, mtoto mgongoni, jua kichwani. Lilikuwa zito. Kiwanja cha mpira kilionekana mbali kama mji wa Misisi.

Nikaliweka pembeni ya jalala. Hapana. Acha niandike kweli: nikalitupa. Nikafunika na majani ya ndizi ili usilione ukirudi. Sikuona moto. Kulikuwa na moshi kidogo kwa chini, kama kila siku. Nikaenda kununua vidonge.

Lilianza na mlio mmoja. Kisha miwili. Kisha mfululizo, ta-ta-ta, na soko lote likasimama, likapiga yowe, likakimbia. Nani katika nchi hii angengoja kuuliza? Beseni za ndagala zilimwagika, watu wakakanyagana, askari mmoja akafyatua hewani na ikawa mbaya zaidi. Nami nilikimbia. Nilijua lile gunia liko pale, lakini miguu haikuniuliza. Nilisimama ziwani, maji yamenifika kiunoni, Furaha analia mgongoni, ndipo akili ikanirudia: milimani hakuna kitu. Ni mimi.

Wewe hukukimbia. Waliokuona walinieleza baadaye. Ulisimama katikati ya njia, umetua beseni ya mchanga, unapiga kelele: "Musikimbie! Haiko masasi, iko mabuye!" Hakuna aliyekusikia. Ukageuka ukaona moto unatambaa upande wa wauza esansi, petroli ya pikipiki, bidoni zao zilizojaa zimepangwa ukutani na wenyewe wamekwisha toroka. Ukaanza kumwaga mchanga peke yako. Wabeba mizigo wawili wakaja kukusaidia. Moto haukufika kwenye bidoni. Kama ungefika, leo nisingekuwa na soko la kufagia. Lakini mabuye yaliendelea kupasuka mbele yako, na moshi ule uliuvuta wote.

Siku tisa hospitalini. Nilikuja mara mbili. Mara ya pili ulikuwa umefungwa bandeji mikono yote na kifua, sauti imebaki kidogo tu. Nilikuwa nimepanga maneno njiani. Ukaniuliza, "Furaha amepona?" Nikasema amepona. Ukafumba macho. Nikatoka, maneno yangu bado ninayo.

Ulipokufa, yakaanza mambo ambayo hukuyaona. Au labda uliyajua kabla.

Walisema: mtu wa kule juu alileta bombe ndani ya gunia. Kwanza watu wawili watatu penye kuchota maji, kisha soko lote. Wabeba mizigo wale wawili walieleza walichoona, wakaambiwa wamelishwa pesa. Kibanda chenu kikatupiwa mawe. Naomi aliacha kwenda shule. Nami nilifagia, nikasikia yote, nikainamisha kichwa. Nilijiambia nina watoto, mume wangu yuko ziwani kila siku, nani atatulinda? Nilijiambia yatapita.

Hayakupita. Chefu wa kartie, mkubwa wa mtaa wetu, akaita mkutano katika darasa la shule. Mtu mmoja akasimama akasema familia ile iondoke Baraka kabla ya Jumapili. Baba Naomi alikuwa amekaa benchi ya mbele, kofia iko juu ya magoti. Shingo yake niliiona kwa nyuma. Imekonda, Mama Naomi. Sijui nini kilinisimamisha. Nilisimama nikasikia sauti yangu inasema, "Ni mimi. Njo mimi nilitupa gunia. Haiko bombe, iko mabuye ya simu na ya taa. Mama Naomi alinituma niyapeleke kwa shimo, mi nikachoka, nikatupa."

Palikuwa na kelele. Mzee mmoja muuza samaki alikuwa amevunjika mkono siku ile kwa kukanyagwa. Binti yake alikuja akatema mate mbele ya miguu yangu. Alikuwa na haki. Ufagio nilinyang'anywa mwezi mzima. Wengine mpaka leo hawaitikii salamu yangu. Lakini mawe kwenye kibanda yalikoma.

Baba Naomi alinisubiri nje. Nilidhani atanipiga, na ningekubali. Akavaa kofia yake, akasema taratibu, "Nilijua, Mama Furaha. Aliniambia mu hospitali. Alisema: usimutaje, bataumiza batoto wake."

Nilikukasirikia, Mama Naomi. Nisamehe, lakini niliondoka pale na hasira. Uliwezaje? Mume wako akae chini ya mawe, binti yako akae ndani kama panya, kwa ajili ya uvivu wangu wa nusu saa? Ungenitaja. Ningelia, ningepigwa, na ningelala usingizi. Hasira imeondoka sasa. Imebaki hofu tu.

Hofu ya nini, utauliza. Kamati ilikubali tuweke pipa la chuma mlangoni mwa soko, lina mchanga ndani, kila mtu atie mabuye yake humo. Nilipopewa tena ufagio, nilipewa na pipa. Mwanzoni watu walikuwa wagumu. Sasa wanaleta, hata wauza simu, hata askari. Nilifurahi. Nilitaka uone. Lakini limejaa, na shimo la Baba Naomi limejaa pia. Wanunuzi wa vyuma wanachukua batri za gari tu, wanazivusha ziwani. Haya madogo hakuna anayeyataka. Nahodha wa boti nilimwomba, akakataa. Hataki kitu kinachowaka chenyewe katikati ya maji, na mimi ningekataa pia. Barabara ya Uvira inafungwa na kufunguliwa kama mlango wa choo. Nimeuliza kwa kamati, kwa chefu wa kartie, kwa watu wanaogawa zile taa. Wote wanasema wataangalia.

Saa sita jua likiwa kali naenda kushika ubavu wa pipa kama ninavyoshika paji la mtoto mwenye homa. Naongeza mchanga. Mvua zikija, maji ya lile shimo yatakwenda wapi? Yatateremka ziwani, na ziwani ndipo tunapochota. Nawaza haya hata nikila.

Na kuna jingine. Siku hizi kukisikika mlio, watu hawakimbii mara moja. Wananigeukia mimi. "Mama Furaha, iko masasi ao mabuye?" Soko zima, wanawake na watoto wao, wananitazama mdomo. Leo asubuhi nilisikiliza, nikasema ni masasi, lakini ya mbali. Wakafunga meza, wakaondoka bila kukanyagana. Nilibaki peke yangu na ufagio. Nani alinipa sikio la namna hiyo? Siku moja nitasema mabuye, na yatakuwa masasi kweli. Au nitasema masasi, na mzee mwingine atavunjika mkono kwa ajili yangu.

Baba Naomi alipanda milimani juma la tatu sasa, kutafuta kama kuna ng'ombe hata mmoja aliyebaki. Nilimwambia asiende. Hakuna habari. Nilitaka nikufiche hili, lakini nimechoka na kuficha.

Naomi amebaki kwangu. Baba yake alimleta mwenyewe, na begi lake la shule. Anajua ni mimi niliyelitupa lile gunia. Mji wote unajua. Analala na Furaha kitanda kimoja, anaosha vyombo bila kuambiwa, anaitika, anakula kidogo. Kwa muda mrefu hakuniambia kitu ambacho sikumuuliza.

Jana alirudi kutoka shuleni akasimama mlangoni, amenyoosha mkono mbali na mwili, kiganja kimejaa mchanga, na juu ya mchanga buye la simu, limevimba. "Mama Furaha, batoto walikuwa banapiga hii na jiwe. Nikawanyanganya." Alikuwa anahema. Alikuwa amekimbia nalo kutoka shule mpaka nyumbani, mtoto huyu, mkononi. Nikalipokea na koleo, nikalizika uani, kisha nikamnawisha mikono kwa sabuni, mara moja, mara mbili, mara tatu, mpaka akasema, "Ni safi sasa, Mama." Hakusema Mama Furaha. Alisema Mama, halafu akaziba mdomo kama mtu aliyeangusha kikombe, na mimi nikaendelea kumimina maji ili asione uso wangu.

Sijui kama unakubali aniite hivyo. Sikumuomba. Nimeona ni lazima nikwambie mwenyewe kabla hujasikia kwa mwingine.

Kurasa zinaisha, na nasikia watu wanaharakisha barabarani. Nenda salama, rafiki yangu, huko hakuna wa kukutupia jiwe. Mimi siwezi kukuahidi kwamba sitakosea mlio. Siwezi kukuahidi kwamba Baba Naomi atateremka. Nakuahidi kitu kimoja kilicho ndani ya uwezo wangu: siku nikisema "kimbieni", mkono wa Naomi utakuwa umeshikwa na wangu kabla neno halijanitoka mdomoni.

Mwenzako wa ufagio,
Mama Furaha