Alisema Anakuja, Akaenda

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie kabla sijapasuka, mimi ni fundi cherehani na mkataji wangu ni mdogo wangu wa kiume, ana miaka thelathini na moja na ana usonji, akikata kitambaa hakuna cha kurudia, lakini hasira zake zitanifungia duka, maana juzi mama mmoja aliyetuletea vitambaa vya sare za harusi aliviweka mezani, akasema "nakuja", akaenda zake kama tunavyosema sote, basi mdogo wangu akaacha kazi, akasimama mlangoni kumsubiri mpaka tukafunga, na kesho yake yule mama aliporudi, akaambiwa alivyosubiriwa, akacheka, mdogo wangu akapiga kelele, "Ulisema unakuja! Ulikuwa unaenda!", kopo la vifungo likaruka, nami nikaongeza redio wapita njia wasisikie, nikamshika mabega nikamfokea atulie, ndiyo kwanza akazidi, sasa yule mama wa sare anasema nichague, sare zake au mdogo wangu, na nimeanza kufikiria kumrudisha nyumbani kwa mama yetu, ingawa kazi hii ndiyo furaha yake, nifanyeje?

Fundi Aliyechoka

Pole, fundi. Sasa keti nikuseme.

Mdogo wako hakukosea Kiswahili. Anayekupa mgongo huku akisema "nakuja" ndiye wa kujieleza. Wewe dada mtu, miaka yote hiyo hujajua kwamba yeye neno hulishika kama lilivyo? Alisubiri siku nzima, kisha akachekwa. Hata mimi ningetafuta kopo.

Halafu redio! Mtu kelele zimemjaa kichwani, wewe unamwongezea muziki na mikono mabegani.

Hasira yake haianzii kwenye kopo. Labda kwanza hukunjakunja futi ya kupimia, labda hurudia neno moja. Siku ametulia, mwulize. Anajijua kuliko mimi. Ukiona dalili, zima redio, sogeza mkasi, funga mdomo, mwache atoke uani. Usimguse, usimhoji. Akishatulia kabisa, mwambie pia kwamba hapa vitu havirushwi, maana usonji si ruhusa ya kuumiza watu. Mkikwama, tafuteni mtaalamu anayeijua hali hiyo.

Mlangoni bandika karatasi: "Ukiondoka, sema unaondoka, na saa ya kurudi." Mweleze yule mama. Akikataa, mfungashie vitambaa vyake vizuri, aende. Ukimfukuza mkataji, hizo sare utazikata kwa meno?

Na leo hii mwombe radhi mdogo wako. Ila usithubutu kusema "samahani kama nimekukosea." Atakuuliza hiyo "kama" ni ya nini.